Mawe Makavu Yaliyotumika: Jinsi ya Kuyatayarisha kwa Tangi la Samaki wa Baharini Bila Kuleta Madhara

Tangi la kioo lenye samaki wa baharini ni pambo linalopendwa katika hoteli, ofisi na baadhi ya nyumba za Mombasa. Ndani ya tangi hilo, kinachochukua nafasi kubwa mara nyingi si samaki bali ni mawe. Mawe ndiyo maficho ya samaki, na ndiyo makao ya bakteria wanaosafisha maji. Tangi likivunjika, au mwenyewe akihama ama akichoshwa na gharama, mawe hutolewa, huanikwa juani na kuuzwa yakiwa ndani ya gunia. Bei yake huwa nafuu, na kila jiwe linalotumika tena ni jiwe moja ambalo halikung'olewa baharini.

Hata hivyo, jiwe kavu si lazima liwe jiwe safi. Linaweza kubeba mabaki ya viumbe, madini, dawa na hata sumu ambayo macho hayaioni. Likitumbukizwa tangini jinsi lilivyo, samaki wanaweza kufa. Likisafishwa kwa njia isiyofaa, anayesafisha na watu wa nyumbani mwake wanaweza kuugua vibaya. Hatari hiyo ya pili ndiyo ambayo watu wengi hawaifahamu.

JIWE KAVU HUBEBA NINI

Mawe mengi ya matangi ya maji ya chumvi ni chokaa iliyojengwa na matumbawe. Yana matundu mengi madogo yanayoingia hadi ndani. Yalipokuwa majini, matundu hayo yalikaliwa na sifongo, minyoo, chaza wadogo na mwani. Jiwe lilipokauka viumbe hao walikufa, lakini mabaki yao hayakuondoka. Yakirudi majini huanza kuoza na kutoa amonia, ambayo hata kwa kiasi kidogo huunguza mashavu ya samaki na kuwaua.

Jambo la pili ni fosfeti. Chakula cha samaki kina fosfeti, na jiwe la chokaa huinyonya mwaka baada ya mwaka. Jiwe likiwekwa katika maji mapya, fosfeti hiyo huanza kutoka polepole na kulisha mwani. Ndiyo sababu tangi jipya lenye mawe ya zamani hugeuka kijani kwa miezi mingi ingawa mwenyewe hubadilisha maji kila wiki.

Jambo la tatu ni shaba. Baadhi ya dawa za kutibu vimelea vya samaki zina madini ya shaba. Samaki huvumilia kiasi fulani, lakini kamba, kaa, konokono na matumbawe hufa. Jiwe la chokaa hunasa shaba wakati wa matibabu na kuiachilia baadaye.

Jambo la nne ni sumu iitwayo palitoksini. Hutolewa na aina fulani za viumbe wadogo wanaofanana na maua au vifungo vya shati, ambao huota kwa makundi juu ya mawe. Huitwa zoanthidi. Ni miongoni mwa sumu kali zaidi zinazojulikana kutoka baharini, na joto la kuchemsha haliiharibu kwa urahisi. Kwenye jiwe kavu, zoanthidi waliokufa huonekana kama ngozi iliyosinyaa au utando mgumu wa rangi ya kahawia.

KWANZA, ASILI YA JIWE

Kabla ya kulipa pesa, mnunuzi amuulize muuzaji maswali manne. Jiwe lilitoka wapi? Je, tangi lilipokuwa likitumika liliwahi kutiwa dawa ya shaba? Jiwe limekaa nje ya maji kwa muda gani? Na lilihifadhiwa wapi? Jiwe lililokaa stoo pamoja na dawa ya wadudu, rangi, mafuta ya taa au mafuta ya gari lisinunuliwe, kwa sababu vitu hivyo huingia katika matundu na haviondoki kwa kuoshwa. Jiwe ambalo dawa ya shaba imethibitishwa litumike katika tangi la samaki peke yao, au liachwe kabisa.

Swali la asili lina upande wa sheria pia. Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Mombasa ilianzishwa mwaka 1986 na husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Kuchukua mawe, matumbawe au makombe ndani ya hifadhi hiyo ni marufuku, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 imeweka adhabu. Vilevile, matumbawe magumu yameorodheshwa katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa kimataifa wa CITES, ambao Kenya ni mwanachama wake. Kwa hiyo hata matumbawe yaliyokufa hayasafirishwi nje ya nchi bila kibali.

Miamba ya pwani ya Kenya iliathirika vibaya mwaka 1998, bahari ilipopata joto kupita kiasi na matumbawe mengi yakapauka na kufa. Mwamba unaojaribu kujijenga upya hauhitaji mkono wa kuung'oa. Mkazi anayekosa mawe yaliyotumika anaweza kutafuta vipande vya mawe ya matumbawe ya machimboni, yale yale ya nchi kavu ambayo watu wa pwani wamejengea nyumba kwa karne nyingi na ambayo Ngome ya Yesu ilijengwa kwayo kuanzia mwaka 1593. Vipande hivyo viwe havijawahi kuguswa na saruji, chokaa ya kujengea wala rangi.

MAMBO MATATU YASIYOFANYWA KAMWE

La kwanza: jiwe lisichemshwe. Wengi hudhani kwamba kuchemsha ndiyo njia ya uhakika ya kuua kila kitu, kama inavyofanywa kwa maji ya kunywa. Kwa mawe ya baharini mambo ni kinyume. Kama jiwe lina mabaki ya zoanthidi, mvuke huweza kuibeba palitoksini na kuijaza nyumba nzima. Huko Alaska, Marekani, wataalamu wa afya walirekodi wagonjwa kadhaa kati ya mwaka 2012 na 2014 waliopatwa na madhara yanayohusishwa na sumu hiyo katika nyumba na maduka ya matangi ya samaki. Mwaka 2018, katika kijiji cha Steventon nchini Uingereza, familia moja ililazimika kupelekwa hospitalini baada ya matumbawe ya tangi kusafishwa nyumbani. Hawakuwa wamekula wala kunywa chochote kibaya. Walivuta hewa tu.

La pili: jiwe lisiwekwe ndani ya jiko la kuokea, juu ya makaa wala kwenye maikrowevu. Maji au hewa iliyonaswa ndani ya matundu hupanuka kwa joto, na jiwe huweza kupasuka na kurusha vipande.

La tatu: dawa ya klorini isichanganywe na kitu kingine chochote isipokuwa maji. Dawa ya kung'arishia nguo, ile ambayo wengi huiita jiki, ikikutana na asidi ya kusafishia choo au vigae hutoa gesi ya klorini, ambayo huunguza mapafu. Siki na maji ya ndimu pia ni asidi, na huleta gesi hiyo hiyo. Ikikutana na amonia, au hata na mkojo, hutoa gesi nyingine yenye sumu. Kwa sababu hiyo, ndoo, beseni au brashi iliyotumika kwa asidi isitumike kwa klorini kabla ya kuoshwa kabisa, na kazi isifanyiwe chooni au bafuni.

Kuna watu wanaotumia asidi kali kuyeyusha tabaka la nje la jiwe. Njia hiyo hupunguza mabaki, lakini hutoa joto, povu na mvuke unaounguza, na haifai kufanyiwa nyumbani penye watoto na majirani wa karibu. Hatua zinazofuata zinatosha bila asidi.

HATUA KWA HATUA

1. Vifaa na mahali. Kazi ifanyiwe nje, penye upepo, mbali na madirisha, jiko na kisima. Anayesafisha avae glavu ndefu za mpira, miwani ya kukinga macho, barakoa, nguo za mikono mirefu na viatu vilivyofunika vidole. Mwenye kidonda mkononi aache kazi hiyo hadi kipone. Ndoo na mapipa ya plastiki yatakayotumika yasirudishwe jikoni.

2. Kuondoa takataka bila kusugua. Jiwe lilowanishwe kwanza kwa maji ili vumbi lisipeperuke. Kisha vitu vilivyolegea, kama vile mwani mkavu, makombe na mchanga, viondolewe kwa mkono wenye glavu. Brashi isitumike bado. Kusugua jiwe kavu hurusha vumbi, na kama kuna sumu huvutwa puani au kuingia machoni.

3. Kuloweka kwenye klorini. Dawa ya klorini isiyo na manukato wala sabuni ichanganywe na maji kwa kipimo cha lita 1 ya dawa kwa lita 10 za maji. Mawe yazamishwe yote na yaachwe kwa saa 24. Klorini huozesha mabaki laini, huua viumbe waliosalia, na huivunja palitoksini. Ndiyo sababu kuloweka hutangulia na kusugua hufuata.

4. Kusugua. Baada ya saa 24 mawe yatolewe, yasuuzwe, kisha yasuguliwe kwa brashi ngumu yakiwa bado majimaji. Matundu yachokolewe kwa bisibisi ya zamani. Kama mabaki bado ni mengi, mawe yalowekwe tena kwa mchanganyiko mpya kwa saa nyingine 24.

5. Kuondoa klorini. Mawe yasuuzwe mara kadhaa, kisha yalowekwe katika maji safi yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini inayouzwa katika maduka ya samaki wa mapambo. Kipimo kifuatwe kama kilivyoandikwa kwenye chupa. Baada ya siku moja maji yabadilishwe. Halafu mawe yaanikwe juani hadi yakauke kabisa na yasiwe na harufu yoyote ya klorini. Kwa mawe makubwa hilo huchukua wiki moja au zaidi, na wakati wa mvua huchukua muda mrefu zaidi.

Ndoo za maji baridi yasiyo na dawa zifunikwe muda wote au zimwagwe. Maji yaliyosimama wazi kwa wiki moja yanatosha kuzalisha mbu wanaoeneza homa ya dengi, ugonjwa ambao Mombasa imewahi kukumbwa na milipuko yake. Ndoo iliyojaa pia ni hatari kwa mtoto anayetambaa au anayejifunza kutembea.

6. Kukomaza mawe katika maji ya chumvi. Mawe yawekwe ndani ya pipa la maji ya chumvi, pampu ndogo ikiwa inazungusha maji, na pipa lifunikwe ili mwanga usiingie na mwani usiote. Chumvi iwe kama ya bahari, yaani takriban gramu 35 kwa kila kilo ya maji, na joto liwe kati ya nyuzi 25 na 27. Hapa Mombasa hita haihitajiki mara nyingi. Waya za pampu zishuke chini ya kiwango cha soketi kabla ya kupanda tena, ili tone la maji lisitiririke hadi kwenye umeme.

Anayetumia maji ya bahari ayachote maji yanapojaa, upande wa bahari kuu, mbali na midomo ya vijito vya Tudor na Port Reitz, bandari na mabomba ya maji machafu. Siku zinazofuata mvua kubwa za masika hazifai, kwa kuwa matope na uchafu wa nchi kavu hushukia baharini. Anayetumia chumvi ya dukani achanganye na maji yaliyochujwa. Maji mengi ya visima vya kisiwani yana chumvi yake na huenda yakawa na naitreti, hivyo yanafaa kwa kusuuzia tu.

7. Kupima. Katika hatua hii vipimo vya maji ndivyo vinavyoamua. Siku ya tarehe kwenye kalenda haiamui. Chembe chache za chakula cha samaki hutiwa ndani ya pipa ili kuleta amonia. Bakteria wa aina moja huibadilisha amonia kuwa naitraiti, ambayo pia ni sumu. Bakteria wa aina nyingine huibadilisha naitraiti kuwa naitreti, ambayo madhara yake ni madogo. Kiganja cha mchanga kutoka tangi lenye afya huharakisha kazi hiyo kwa sababu huleta bakteria walio hai. Kwa kawaida huchukua kati ya wiki 4 na 8.

Fosfeti ipimwe kila wiki. Ikiwa juu, maji yabadilishwe na kupimwa tena. Jiwe lililolishwa fosfeti kwa miaka linaweza kudai kubadilishiwa maji mara nyingi, au kutumia chujio la chembe za chuma linalonasa fosfeti. Shaba nayo ipimwe angalau mara mbili, tena baada ya mawe kukaa majini wiki kadhaa, kwa kuwa kipimo cha siku ya kwanza hakionyeshi kilichonaswa ndani.

Mawe yako tayari mambo manne yanapotimia kwa pamoja: amonia ni sifuri, naitraiti ni sifuri, shaba haionekani, na fosfeti ni chini ya miligramu 0.1 kwa lita bila kupanda tena kwa wiki mbili. Harufu nayo husaidia. Jiwe lililokomaa hunukia bahari. Jiwe linalonuka yai viza bado lina mabaki yanayooza ndani.

MAJI YA KUMWAGA

Maji yenye klorini yasimwagwe baharini, kwenye mtaro wa mvua wala karibu na kisima. Mitaro mingi ya jiji huishia baharini. Maji hayo yatiwe dawa ya kuondoa klorini, au yaachwe juani siku kadhaa mahali ambapo watoto na wanyama hawafiki hadi harufu iishe, kisha yamwagwe chooni kidogo kidogo. Klorini nyingi ikimwagwa kwa wakati mmoja huua bakteria wanaofanya kazi ndani ya tangi la maji taka la nyumba.

Maji ya chumvi ya kukomazia yasimwagiwe mimea, kwani chumvi huikausha. Maji ya tangi, samaki, mwani na mawe ambayo hayatakiwi yasirudishwe baharini pia. Kuna aina ya mwani iitwayo Caulerpa taxifolia ambayo ilionekana katika bahari ya Mediterania karibu na Monaco mwaka 1984, ikahusishwa na tangi la kuonyeshea viumbe vya bahari, na baadaye ikafunika sehemu kubwa za sakafu ya bahari hiyo.

DALILI ZA HATARI NA HUDUMA YA KWANZA

Mtu aliyevuta gesi ya klorini hukohoa, hubanwa kifua, huwashwa macho na koo. Aliyeathiriwa na palitoksini anaweza kuhisi ladha chungu au ya chuma mdomoni, kupata homa, kikohozi, maumivu ya misuli, udhaifu na shida ya kupumua, na dalili hizo huweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Wanyama wa nyumbani pia huathirika.

Dalili zikionekana, watu wote watoke mahali hapo mara moja na kwenda penye hewa safi. Asirudi mtu kuokoa mawe au ndoo. Macho au ngozi iliyoguswa ioshwe kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20. Aliyemeza dawa asilazimishwe kutapika. Msaada uombwe kwa nambari 999 au 112, na mgonjwa afikishwe hospitalini haraka. Chupa ya dawa iliyotumika ibebwe, na daktari aambiwe wazi kwamba mgonjwa alikuwa akisafisha mawe ya tangi la baharini. Palitoksini haifahamiki sana, na bila maelezo hayo dalili zake huweza kudhaniwa kuwa mafua au malaria.

KUYAPANGA TANGINI

Mawe yaliyokomaa yawekwe moja kwa moja juu ya sakafu ya tangi kabla ya mchanga kumwagwa. Yakipangwa juu ya mchanga, samaki na kamba wanaochimba huweza kuyaangusha na kuvunja kioo. Uzito nao ukumbukwe: tangi la lita 200 lina zaidi ya kilo 200 za maji peke yake, kabla ya kioo na mawe, na meza ya kawaida ya sebuleni haikutengenezewa mzigo huo. Samaki waingizwe mmoja mmoja kwa wiki kadhaa, na amonia ipimwe kila baada ya kuongeza, kwa sababu idadi ya bakteria huongezeka polepole.

Kwa jumla, kazi yote huchukua miezi miwili au mitatu. Anayetaka kuifupisha ndiye huchemsha, huchanganya dawa au huingiza samaki mapema, na hasara yake huzidi bei ya mawe mapya. Gunia la mawe lililokaa stoo kwa miaka halitaharibika likisubiri miezi miwili zaidi. Haraka haraka haina baraka.